Mbwa wangu jike ana miaka 9: atolewe kizazi au aachwe alivyo?

Swali: Shikamoo daktari. Nina mbwa jike, chotara wa German Shepherd, mwenye miaka 9 na uzito wa kilo kama 28. Tunaishi Uyole, Mbeya. Amezaa mara mbili, mara ya mwisho miaka minne iliyopita, na tangu hapo tunamfungia kila anapoingia joto. Joto la mwisho liliisha wiki tatu zilizopita, lakini safari hii alitoa damu muda mrefu kuliko kawaida, karibu wiki nne. Mke wangu alipokuwa akimwogesha aligusa uvimbe wa ukubwa wa punje ya harage karibu na chuchu ya mwisho. Daktari aliyekuja kumchanja chanjo ya kichaa cha mbwa alishauri atolewe kizazi. Jirani yetu, ambaye amefuga mbwa miaka mingi, anasema mbwa wa umri huu haamki kwenye dawa ya usingizi, na kwamba jike aliyekwisha kuzaa hapati magonjwa ya kizazi. Yeye anashauri tumdunge sindano ya uzazi wa mpango, kwa kuwa hata hivyo anakaribia kukoma mwenyewe. Anakula vizuri na usiku anabweka kama zamani. Tumfanyie upasuaji au tumwache azeeke alivyo?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Barua yako ina maswali mawili. La kwanza ni kama mbwa mzima wa miaka 9 anastahili kufanyiwa upasuaji wa kinga. La pili hukuliuliza waziwazi, lakini maelezo yako yanalileta: je, huyu wako ni mzima kweli? Damu ya wiki nne na uvimbe kwenye titi vinanilazimu nianze na hilo la pili.

Jike anapoingia joto hutoa damu, kisha majimaji yaliyofifia rangi, kwa muda wa wiki mbili hivi, na wapo wanaofikisha wiki tatu. Wiki nne ni muda mrefu wa kutosha kutafutiwa sababu. Huenda kuna uvimbe wa maji au saratani kwenye ovari, unaoendelea kutoa homoni ya joto wakati ambapo joto lilipaswa kuwa limeisha. Huenda kuna ugonjwa ndani ya mfuko wa uzazi wenyewe. Huenda ni uvimbe wa ukeni unaoambukizwa kati ya mbwa na mbwa, saratani ya ajabu kidogo ambayo chembe zake hai huhama kutoka mnyama mmoja hadi mwingine wakati wa kupandana, na mara nyingine kwa kunusana na kulambana tu. Ugonjwa huu ni wa kawaida katika nchi ambazo mbwa wengi huzurura mitaani, na mwenye mbwa hudhani ni joto lisiloisha. Ukigundulika kuwa ndio huo, tiba yake kuu ni sindano za vinkristini zinazotolewa kila wiki kwa wiki kadhaa, wala si kisu. Huenda pia tatizo liko katika damu yenyewe: homa za kupe, hasa ile ya erlikia, hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu, na mbwa akaendelea kuvuja pale ambapo mwingine angekuwa ameshakauka. Kumkagua uke kwa kidole chenye glavu na kuangalia damu yake kwa darubini kunaondoa sehemu kubwa ya mashaka hayo kwa siku moja.

Kuna jambo ambalo unaweza kulifanya wewe mwenyewe leo hii, nalo ni kupima maji anayokunywa. Chukua chombo ambacho ujazo wake unaujua, mjazie maji asubuhi, zuia vyanzo vingine vyote vya maji uani, na kesho yake saa ileile upime yaliyobaki. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa 24 anakunywa kupita kiasi. Kwa kilo 28 hiyo ni karibu lita tatu. Akifikia hapo, au akianza kutapika, kukataa chakula, kulala muda wote, kuvimba tumbo, au kutoa usaha wenye harufu mbaya ukeni, basi mazungumzo ya upasuaji wa hiari yamekwisha na mbwa anapaswa kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Wiki chache baada ya joto kuisha ndio wakati hasa ambao ugonjwa ninaouhofia hujitokeza.

Ugonjwa wenyewe ni usaha katika mfuko wa uzazi, na ili kupima faida ya upasuaji inafaa ujue unavyotokea. Kila joto linapopita, jike awe amepandwa au hakupandwa, ovari zake hutengeneza homoni ya projesteroni kwa takriban miezi miwili, muda unaokaribiana na siku 63 za mimba ya mbwa. Mwili wake hautofautishi sana kati ya mimba iliyopo na mimba isiyokuwapo. Projesteroni huongeza unene wa ukuta wa ndani wa mfuko, huchochea tezi zake kutoa majimaji, hutuliza misuli isikaze, hufunga mlango wa kizazi na kupunguza ulinzi wa mwili mahali pale. Bakteria wa kawaida wa kinyesi, waliopanda kutoka ukeni wakati mlango huo ulipokuwa wazi, hujikuta ndani ya chumba chenye joto, majimaji na ulinzi hafifu. Kwa jike kijana ukuta hurudia hali yake, na bakteria huondolewa. Kwa jike aliyepitia majoto mengi, na wa miaka 9 huenda amepitia 15 au zaidi, ukuta huo huwa haurudi tena sawasawa. Hujaa vifuko vidogo vya maji kama sega la nyuki, na humo bakteria hukaa.

Mlango wa kizazi ukibaki wazi, usaha hutoka na mwenye mbwa huuona. Ukifunga, hakuna kinachoonekana nje. Sumu ya bakteria huingia katika damu, figo hushindwa kushika maji, mbwa hunywa na kukojoa mno, na mfuko unaweza kupasuka tumboni. Anaweza kufa ndani ya siku chache. Antibayotiki peke yake haimalizi tatizo, kwa sababu dawa haiwezi kukausha mfuko uliojaa usaha huku homoni iliyousababisha ikiendelea kufanya kazi. Zipo dawa za kupinga projesteroni na za kukaza kizazi ili kisukume usaha nje, lakini kuzipata hapa kwetu ni kazi, na hata zinapopatikana ugonjwa hurudi mara nyingi katika joto linalofuata. Hatimaye tiba ni kile kisu ambacho watu walikuwa wakikikwepa.

Ugonjwa huu si wa nadra hata kidogo. Nchini Uswidi, ambako kwa muda mrefu haikuwa desturi kuwatoa mbwa kizazi bila sababu ya ugonjwa, kumbukumbu za bima zilionyesha kwamba takriban robo ya majike walikuwa wameupata kabla ya kutimiza miaka 10. Jirani yako hakukosea kabisa kuhusu kuzaa, kwa kuwa majike waliozaa huonekana kuupata kwa kiasi pungufu kuliko wasiozaa kamwe. Lakini pungufu si kinga, na kwa mbwa wako miaka minne ya majoto matupu imeshapita tangu uzao wa mwisho.

Alipokosea ni kwenye kukoma. Mbwa hana umri wa kukoma hedhi kama mwanamke. Jike mzee huendelea kuingia joto mpaka mwisho wa maisha yake, ila vipindi huachana zaidi na dalili hufifia, kiasi kwamba wenye nyumba wanaweza wasione chochote. Homoni ndani ya mwili hufuata mkondo wake uleule. Ndiyo maana naletewa majike wa miaka 11 au 12 wenye kizazi kilichojaa usaha, na wenyewe wananiambia kwa dhati kabisa kwamba huyu alishaacha zamani.

Sindano ya uzazi wa mpango naikataa bila kusitasita. Dawa iliyomo ni ya jamii ileile ya projesteroni, kwa hiyo unamwongezea mbwa kitu hasa kinachosababisha ugonjwa tunaotaka kuuepuka. Zaidi ya hapo, dawa hizo huchochea uvimbe wa matiti na zinaweza kuleta kisukari. Mbwa mwenye kiuvimbe kwenye titi hapaswi hata kukaribia sindano hiyo.

Sasa hofu ya dawa ya usingizi, ambayo nadhani ndiyo inayokunyima raha. Hofu hiyo ina msingi wake, na sitaki kuipuuza kama wanavyofanya baadhi ya wenzangu wanaosema ni upasuaji mdogo tu. Si mdogo: tumbo linafunguliwa, na mishipa inayofungwa kwa uzi ni minene, hasa kwa jike mkubwa mwenye mafuta. Utafiti mpana uliofanywa Uingereza ulikuta kwamba mbwa wenye afya waliofariki kutokana na usingizi wa upasuaji walikuwa karibu mmoja kati ya 2,000, ilhali kwa wagonjwa alikuwa mmoja kati ya 75 hivi. Usizichukue namba hizo kama ahadi kwa kliniki ya Mbeya, kwa kuwa zilitoka kwenye hospitali zenye vifaa vingi, na mbwa wazee wana hatari kubwa kuliko vijana. Ninachotaka ukione ni tofauti kati ya namba hizo mbili. Hali ya mbwa siku anapolala mezani ina uzito kuliko idadi ya miaka yake, na mbwa yuleyule anayekataliwa upasuaji akiwa mzima kwa sababu ni mzee huenda akaletwa mwakani, usiku, akiwa amezeeka zaidi, figo zimechoka na sumu iko kwenye damu, afanyiwe upasuaji uleule.

Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari wako ni hali ya moyo, figo, ini na damu ya mbwa huyu. Moyo asikilizwe kwa utulivu. Ukiwa na mlio usio wa kawaida, au kama mbwa hukohoa na kuchoka upesi, uchunguzi uendelee kabla ya uamuzi wowote. Damu ipimwe kreatinini na urea kwa ajili ya figo, vimeng'enya vya ini, wingi wa damu na chembe sahani, pamoja na kuangaliwa vijidudu vya kupe. Hili la kupe nalisisitiza kwa sababu huku nyanda za juu watu hudhani baridi imewamaliza, na kumbe mbwa alipelekwa Kyela au Usangu likizoni, au kupe wamejificha kwenye nyufa za banda. Mbwa mwenye chembe sahani chache anaweza kuvuja damu mezani hata mikononi mwa mpasuaji hodari. Huyo hutibiwa kwanza, kisha hupimwa tena. Kama kliniki yenu haina mashine ya kupima damu, Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Iringa, na daktari wako anaweza kuulizia sampuli zinavyopokelewa.

Uliza pia namna atakavyolazwa. Kliniki nyingi za mikoani hutumia dawa za sindano, hasa ketamini na zailazini. Dawa hizo zinafanya kazi, lakini zailazini hupunguza kasi ya moyo na haimfai kila mzee, hivyo daktari makini hupunguza kipimo au hubadilisha mchanganyiko. Mbwa awe na njia ya dripu kwenye mshipa tangu mwanzo, awe na mrija kwenye koo la hewa, na awepo mtu ambaye kazi yake pekee ni kuangalia pumzi, mapigo na rangi ya ufizi, kwa maana mpasuaji hawezi kufanya yote hayo na mikono iko tumboni. Oksijeni ikiwepo ni bora zaidi, kwa kuwa hewa ya Mbeya ina oksijeni pungufu kidogo kuliko ya Pwani. Daktari anayejua kazi yake hatakasirika ukimwuliza mambo hayo.

Baridi nayo ihesabiwe. Mbwa aliyelazwa hawezi kutetemeka kujipasha joto, na tumbo likiwa wazi hupoa haraka. Mwili uliopoa huchelewa kuondoa dawa na kuchelewa kugandisha damu. Barua yako imeandikwa Juni, na wewe uliye Uyole huhitaji kuambiwa Juni na Julai zilivyo. Ikilazimu kufanya sasa, hufanywa, kwa mablanketi na chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa. Isipolazimu, kuna sababu nyingine inayotuelekeza kusubiri: mbwa wako yuko katikati ya ile miezi miwili ya projesteroni, mishipa ya kizazi bado imejaa, nyama zake ni laini na huchanika upesi, na ovari zikiondolewa ghafla wakati huu anaweza kupata mimba ya uongo na matiti kujaa maziwa. Wakati mzuri ni miezi miwili na nusu hadi mitatu baada ya joto kuisha. Kwa hesabu yako hiyo ni kuelekea mwishoni mwa Agosti, baridi kali ikiwa imepita na joto lingine likiwa bado mbali.

Kuhusu uvimbe, kwanza nikusahihishe jambo ambalo huenda utaambiwa. Kumtoa kizazi mbwa wa miaka 9 hakumkingi tena na saratani ya matiti kwa kiasi cha maana. Zile namba za kinga hiyo zinazotajwa mara kwa mara zinatokana na utafiti wa Marekani wa mwaka 1969 na zinahusu majike waliotolewa kizazi kabla ya joto la kwanza au mapema baada ya hapo, na hata hizo zimetiliwa shaka na waliozipitia upya. Kinachomwokoa mbwa wako ni kuuondoa uvimbe ungali mdogo. Takriban nusu ya uvimbe wa matiti ya mbwa huwa ni saratani, matiti ya nyuma ndiyo huathirika zaidi, na uvimbe ulio chini ya sentimita 3 una matumaini makubwa kuliko ule uliopita hapo. Punje ya harage bado iko mbali na kipimo hicho, basi msiisubiri ifike. Daktari apapase matiti yote pande zote mbili pamoja na tezi za kinena, kifua kipigwe eksirei kama inapatikana, na uvimbe utolewe katika usingizi uleule wa kutoa kizazi ili mbwa asilazwe mara mbili. Ukianza kukua upesi kabla ya Agosti, tarehe isogezwe mbele.

Ukiniuliza ningefanya nini angekuwa wangu, ningemkagua wiki hii, ningetibu chochote kitakachoonekana, na majibu yakiwa mazuri ningempangia upasuaji wa kutoa ovari na mfuko wa uzazi pamoja na ule uvimbe. Kama angekuwa hana uvimbe wala hakuvuja damu isivyo kawaida, ningekuambia kwamba uamuzi unaweza kuegemea upande wowote kulingana na uwezo wako na huduma iliyo karibu. Kwa huyu, mizani haiko sawa.

Yapo mazingira ambayo mimi mwenyewe ningemwacha. Moyo ukiwa umechoka, figo zikiwa zimepungua nguvu, au saratani ikiwa imeshafika kifuani, kumfungua tumbo kwa ajili ya kinga hakuna maana. Hapo kumwacha si kumtupa, ila kuna kazi yake: andika kwenye kalenda tarehe ya kila joto, na katika miezi miwili inayofuata upime maji yake kila wiki, uangalie uke na nyumba yake kama kuna majimaji, upapase tumbo, na umpime joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa asipochangamka. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likipita 39.5 akiwa ametulia, muite daktari. Joto la chini ya kawaida kwa mbwa aliyelegea ni baya zaidi. Na mwendelee kumfungia, kwa kuwa madume yanayokusanyika langoni hung'atana, na kichaa cha mbwa hupita humo.

Kazi hii ifanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania na aliyezoea kupasua mbwa. Wapo maofisa mifugo hodari sana kwa ng'ombe wa maziwa ambao hawajawahi kufunga mshipa wa ovari ya mbwa, na muuzaji wa duka la dawa za mifugo si mpasuaji. Ikiwa mbwa ana tatizo la moyo au uvimbe umeenea, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hupokea wanaopewa rufaa. Ni zaidi ya kilomita 600 kutoka kwenu, kwa hiyo safari hiyo ipangwe kwa mbwa ambaye hali yake imetulia.

Usiku wa kuamkia upasuaji asipewe chakula, lakini maji aachiwe mpaka asubuhi, kwa kuwa figo za mzee hazipendi kiu. Akirudi nyumbani alale ndani, pakavu, kwa siku kadhaa, na ulinzi wa usiku mumwachie mwingine. Avae kola ya kumzuia kulamba mshono au fulana kuukuu iliyofungwa vizuri, na nyuzi zitolewe siku ya 10 hadi 14. Maumivu yatibiwe kwa dawa ya mbwa aliyoandika daktari. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu humtoboa tumbo na kuumiza figo, na parasetamoli ya kukisia huharibu ini. Ufizi ukiwa mweupe, tumbo likijaa, au mshono ukitoa damu isiyokoma katika siku ya kwanza, arudishwe mara moja.

Baadaye atahitaji chakula pungufu, kama robo hivi, maana mwili usio na ovari hutumia nguvu kidogo na ugali wa dona hunenepesha haraka. Punguza ugali, usipunguze dagaa. Baadhi ya majike wakubwa huanza kudondosha mkojo wakiwa wamelala, miezi au miaka baadaye, jambo ambalo lina dawa na halitokani na ukaidi. Na ule uvimbe usitupwe jalalani. Mwombe daktari auhifadhi kwenye fomalini na kuupeleka maabara, kwa sababu jibu litakaloletwa ndilo litakalowaambia kama matiti yaliyobaki yakaguliwe kila miezi mitatu au mara moja kwa mwaka anapochanjwa.